Ngazi ya kupandia paani: ifunge juu kwanza

Katika kazi yetu ya kufunga sola hapa Mwanza, hatari kubwa haiko katikati ya ngazi. Iko kule juu, pale unapoiacha ngazi ukanyage bati, na zaidi wakati wa kushuka, mguu unapotafuta kipandio usichokiona. Mafundi wengi wanaridhika kwamba saidia, yaani msaidizi wa fundi, ameshika chini. Ngazi ikianza kuteleza pembeni kwenye ukingo wa bati, na wewe na mzigo wako mko juu yake, saidia aliye chini haizuii. Kamba ndiyo inayoizuia.

Kwanza urefu. Ngazi ipite ukingo wa paa kwa kama mita 1, upate cha kushika ukiwa tayari umesimama juu. Miguu yake ikae nje ya usawa wa ukingo wa paa kwa robo ya kimo cha pale inapoegemea. Ukingo ukiwa mita 3.6 kutoka chini, miguu inakaa sentimita 90 nje, na hapo ngazi ya mita 4 haikutoshi, tafuta ya mita 5. Huhitaji futi kupima: simama wima, vidole vya miguu viguse miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikifika kwenye kipandio bila kuinama wala kukunja viwiko, imekaa sawa. Usiiegemeze kwenye gata la plastiki. Gata litapinda, na ngazi itateleza nalo.

Sasa chini, na hapa Mwanza inatusumbua kuliko miji mingi. Nyumba za Igogo na Mabatini zimejengwa juu ya miamba, ua mzima umeinama. Nikifika kwa mteja naona saidia tayari anaokota tofali la kuinulia mguu mmoja. Hapana. Chimba upande ulioinuka mpaka miguu yote miwili ilingane. Usijaze upande ulioshuka. Kama ni jabali tupu lisilochimbika, hamishia ngazi upande mwingine wa nyumba hata kama utavuta waya mrefu zaidi. Kama hakuna upande mwingine, funga miguu ya ngazi kwa kamba ya manila kwenye nondo za dirisha la chini, na toa mchanga wote juu ya jiwe kabla ya kuisimamisha.

Kabla ya kuisimamisha, tazama juu. Waya wa umeme unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo mara nyingi unapita palepale kwenye ukingo wa paa. Ngazi ya aluminiamu hupitisha umeme, na ya mti iliyolowa pia. Acha angalau mita 3, na usibebe ngazi ikiwa imesimama. Kagua vipandio kimoja kimoja, pamoja na raba za chini na ndoano za ngazi ya kuvuta. Ngazi ya mti iliyopakwa rangi mimi siipandi, kwa sababu rangi inaficha nyufa. Na ile ya mikaratusi ambayo vipandio vimeshikwa kwa misumari tu, uzito wako wote unabebwa na misumari.

Kufunga kwenyewe ni hivi. Saidia anashika chini kwa mara hiyo moja, wewe unapanda na manila kiunoni. Zungushia nguzo zote mbili za ngazi, siyo kipandio, kisha kaza kwenye ncha ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) au kwenye papi iliyo wazi, yaani mbao ya kupigilia bati. Fisha bodi, ile mbao ya kuziba ukingo wa paa, iliyopigwa msumari mmoja mmoja haifai. Tikisa ngazi kushoto na kulia. Ikicheza, fungua ufunge upya.

Kutoka kwenye ngazi, usivuke kwa juu ya ncha yake. Shika nguzo iliyochomoza, toka kwa pembeni, mguu mmoja kwanza, na ukanyage kwenye mstari wa misumari, kwa maana chini yake kuna papi. Bati la plastiki la kuingiza mwanga usilikanyage kabisa. Wakati wa kurudi, shika nguzo zote mbili kabla mguu haujaacha bati, na uso uelekee ngazi. Asubuhi subiri umande ukauke.

Paneli usipande nayo. Ya wati 550 ina zaidi ya kilo 25, na upepo wa ziwa wa mchana ukiipiga inakuwa tanga. Ivute kwa kamba mbili, watu wawili wakiwa juu. Vifaa vidogo viende kwenye mfuko wa kiunoni, ili mikono yote iwe ya ngazi.

Nawaambia na mabosi wenzangu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatuwajibisha sisi kwa usalama wa wafanyakazi wetu, na saidia wa kutwa ni mfanyakazi. Anayepanda na kandambili kwa sababu hukumnunulia viatu, kosa ni lako.

Kazi ikiisha, vifaa vyote vishuke kwanza. Anayefungua kamba ni fundi wa mwisho, akiwa ameshasimama kwenye ngazi na saidia amerudi kushika chini. Kisha ilaze ngazi kabla ya kuibeba kwenda garini.