Kompyuta ya Studio ya Nyumbani: Fedha Iende Wapi Kwanza

Anayenunua kompyuta kwa ajili ya studio ndogo ya nyumbani asishawishike kulipia kadi kubwa ya picha, kwa kuwa programu nyingi za kurekodi haziitegemei. Fedha hiyo ni heri iende kwenye prosesa nzuri, RAM ya GB 16 na diski ya SSD. Sauti moja ya mono (ya njia moja tu, si kushoto na kulia) iliyorekodiwa kwa biti 24 na kHz 48, vipimo vya ubora wa rekodi, hula nafasi ya diski ya takriban MB 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 wenye sauti 20 hufikia karibu MB 690, kabla ya kuhesabu marudio yote yaliyokataliwa. Ikiwa ni kompyuta mpakato, uliza kabla ya kulipa kama RAM yake inaweza kuongezwa, maana nyingine huja zimechomelewa moja kwa moja kwenye ubao.

Jambo linalosahaulika mno ni feni. Mashine ikipata moto katikati ya ubeti, feni huanza kuvuma, na maikrofoni ya kondensa, aina yenye usikivu mkubwa, huunasa mvumo huo nyuma ya sauti ya mwimbaji. Mimi yangu huiweka nje ya mlango na kupitisha nyaya chini.

Usitegemee tundu la maikrofoni la kompyuta yenyewe. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB, kisha wakati wa kurekodi weka bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata) ya sampuli 128, yaani vipande vidogo 128 vya sauti, ambayo kwa kHz 48 huchelewesha sauti kwa milisekunde 2.7 hivi, na uipandishe wakati wa kuchanganya sauti zilizokwisha kurekodiwa, ambapo ucheleweshaji haumsumbui mtu.