TV ya chogo ya rangi: picha ikizingua anzia hapa

Mtu akiwasha TV ya chogo ya zamani akakuta rangi zimekaa vibaya, mkono unakimbilia kitufe cha rangi, anakoleza, anapunguza, anakoleza tena, mpaka sura za watu zinakuwa nyekundu kama wamebabuka na jua. Mi nakuomba ufanye kinyume. Punguza rangi mpaka sifuri kabisa, ibaki picha nyeusi na nyeupe tupu, alafu kaa uitazame vizuri.

Sababu ni kwamba TV ya rangi kwanza ni TV ya nyeusi na nyeupe, rangi inamwagwa juu yake baadae. Kwa hiyo ukiondoa rangi na bado unaona ukijani au uwekundu kwenye vitu ambavyo vilitakiwa viwe vyeupe au kijivu, shida iko kwenye tyubu yenyewe, yaani lile chupa kubwa la kioo linaloonyesha picha, au ile bodi ndogo iliyovikwa shingoni mwake kwa nyuma. Ila kama picha bila rangi ni safi kabisa, basi tyubu ni nzima na unachotafuta kiko kwenye sakiti za rangi au kwenye signo, yaani mawimbi ya picha yanayoingia. Hapo hujafungua hata skrubu moja na umeshaondoa nusu ya sehemu za kutafuta.

Iache iwake kama nusu saa kabla hujagusa kitu, kwa sababu tyubu ikiwa ya baridi rangi zake sio zilezile za ikishapata moto, na ukirekebisha mapema utarudia kazi yote.

Anzia nje. Chenga chenga ni signo dhaifu, angalia antena na waya wake, hasa pale kwenye plagi ambapo waya hukatika kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Kivuli cha pili pembeni ya kila kitu ni signo inayogonga ukuta au jengo na kufika imechelewa, zungusha antena. Kama unatumia king'amuzi au deki ya video, jaribu kifaa kingine na waya mwingine, nimeshaona TV imefunguliwa yote kumbe waya wa shilingi mia ndo ulikuwa mbovu.

Mwangaza na kontrasti watu wanavichanganya sana. Mwangaza unaamua weusi uwe mweusi kiasi gani, kontrasti inaamua weupe uwe mweupe kiasi gani. Tafuta picha ya usiku au yenye nguo nyeusi, shusha mwangaza mpaka weusi uwe weusi kweli lakini mikunjo ya nguo bado unaiona, alafu pandisha kontrasti mpaka weupe ung'ae bila kutapakaa. Ukiona picha nzima inavimba na kutanuka kila ukiongeza mwanga, umeme mkubwa wa tyubu hauhimili mzigo, na hiyo sio kazi ya vitufe vya mbele.

Kama una madoa ya rangi, yaani kona moja ina uzambarau na nyingine ukijani na hayahami hata picha ikibadilika, hiyo ni sumaku. Toa spika zote zilizo karibu, kisha fahamu kwamba ndani ya TV kuna koili imezunguka kioo kazi yake ni kufuta sumaku kila unapowasha, ndo ule mlio wa "vuum" unaousikia mwanzoni. Inafanya kazi ikiwa tu kile kipande kinachoikatia umeme kimeshapoa, kwa hiyo kuzima na kuwasha fasta fasta hakusaidii chochote. Zima, acha nusu saa, washa, rudia hivo mara tatu nne. Kama huusikii ule mlio kabisa basi mara nyingi hicho kipande ndo kimekufa, na ni rahisi kubadilisha.

Sasa kufungua nyuma. Hapa naomba usome taratibu maana sitanii hata kidogo. Tyubu ya rangi inatumia volti kama 20,000 hadi 30,000 na inazihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi. Pia TV nyingi za zamani bati lake la ndani limeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo kulishika ni sawa na kushika waya wa umeme, mafundi wanatumia transfoma ya kutenganisha. Ukitaka kugusa kitu ndani, chomoa kwanza, chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini mzima wa plastiki, funga waya wenye klipu kwenye chuma chake, upande wa pili ubane kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaopita mgongoni mwa tyubu, ndo uingize ncha chini ya ile kofia ya mpira iliyobandikwa juu ya tyubu, pale waya mnene wa umeme mkubwa unapoingia. Utasikia mlio wa cheche. Subiri dakika chache urudie tena kwa sababu chaji huwa inajirudisha. Na marekebisho yanayohitaji TV iwe inawaka, tumia bisibisi ya plastiki, mkono mmoja uwe mfukoni, weka kioo cha kujitazamia mbele ili uone picha bila kujipinda juu ya bodi. Kama hujawahi kufanya hivi, mwite fundi umpe maelezo haya haya.

Kabla hujazungusha chochote piga picha kwa simu na weka alama ya kalamu pale kilipo. Mi niliwahi kuzungusha vile vipete vya sumaku vya shingoni mwa tyubu bila alama, jioni nzima ikaisha natafuta nilipotoka.

Kwenye flaibeki, ile transfoma inayotengeneza umeme mkubwa wa tyubu, kuna vizungusho viwili, cha juu mara nyingi ni cha kunoa picha na cha chini ni cha skrini, lakini soma maandishi yake usiniamini mimi. Kile cha kunoa zungusha kidogo kidogo mpaka mistari ya picha ionekane katikati ya kioo, kona zikibaki na ukungu kidogo ni kawaida. Kile cha skrini ukikizidisha utaona mistari myembamba myeupe imelala mshazari juu ya picha, rudisha mpaka ipotee.

Alafu kwenye bodi ya shingoni kuna vizungusho vya nyekundu, kijani na bluu, seti mbili, moja ya sehemu za giza na nyingine ya sehemu za mwanga. Weka picha ya ngazi za kijivu, rangi bado iko sifuri. Anza na giza, kama kijivu cheusi kina uwekundu punguza nyekundu ya giza, kisha nenda kwenye nyeupe ufanye hivohivo na ile seti nyingine, utarudi giza utakuta limehama kidogo, rudi tena, mara tatu inatosha. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote maana picha iliyokuwa imechoka inafufuka mbele ya macho yako bila kununua kitu.

Rangi moja ikikosekana kabisa utaijua kirahisi. Nyeupe imekuwa njano, bluu haipo. Imekuwa bluu ya maji ya bahari, nyekundu haipo. Imekuwa zambarau ya kukolea, kijani haipo. Kabla hujailaumu tyubu angalia risasi ya kuchomelea ya bodi ya shingoni, pale soketi inapoingia joto linapasua maungio, yachomelee upya kwanza. Kinyume chake, kioo chote kikijaa rangi moja kali na mistari ya mshazari, transista ya rangi hiyo imepiga shoti au tyubu yenyewe imepiga shoti ndani.

Picha inayopanda juu bila kusimama rekebisha kizungusho cha kushikilia wima, iliyokatika vipande vya mshazari ni cha kushikilia mlalo. Picha iliyobanwa juu au chini au iliyojikunja, hapo mara nyingi ni kapasita zimekauka, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji, badilisha zilizo eneo la wima, yaani sakiti inayotandaza picha juu hadi chini, zingatia upande wa hasi na volti zake. Ikibaki mstari mmoja mweupe uliolala katikati, shusha mwangaza hapohapo au zima, maana ule mstari unaunguza kioo na alama yake haitoki, ni sakiti ya wima imekufa au ungio limepasuka.

Herufi zikiwa na pindo nyekundu upande mmoja na bluu upande mwingine, miale mitatu ya nyekundu, kijani na bluu haikutani sehemu moja. Kwenye tyubu ambazo bunduki zake, zile zinazorusha hiyo miale, zimepangwa kwa mstari kuna jozi tatu za vipete vya sumaku shingoni. Jozi ya kwanza ni ya usafi wa rangi, usiiguse kama huna madoa. Ya pili inakutanisha nyekundu na bluu, ya tatu inazipeleka zote mbili juu ya kijani. Tumia picha ya mistari ya miraba na uangalie katikati tu. Kona zinarekebishwa kwa kuinamisha ile koili kubwa ya shingoni inayoelekeza miale, na vile vipande vya mpira vinavyoishikilia, ni kazi ya subira sana, na kama kosa la kona ni dogo kuliko unene wa mstari mi nakushauri uache.

Kama nyeusi na nyeupe ni safi ila rangi haiji kabisa hata ukikoleza, uliza kwanza mfumo wa kurusha rangi ambao TV imetengenezewa. NTSC ya Marekani ilipitishwa 1953, PAL na SECAM zikaanza kurushwa Ulaya 1967, na TV ya mfumo mmoja ikipewa signo ya mwingine mara nyingi inaonyesha bila rangi, haijaharibika. Kitufe cha kugeuza rangi za ngozi kati ya kijani na zambarau ni cha NTSC, kwenye PAL usishangae hakifanyi kitu.

Tyubu iliyochoka ina dalili zake, inachelewa kuleta picha, weupe unakuwa kama fedha na unatapakaa, rangi moja inachelewa kuliko zingine. Shusha kontrasti uitumie hivohivo, itakupa muda mwingi tu.

Ukishamaliza yote ndo sasa urudishe rangi. Tafuta sura ya mtu iliyotulia, pandisha polepole kutoka sifuri, na pale ngozi inapoanza kuonekana ya mtu aliye hai, simama hapo.