Tiketi mbili kwa safari moja ya nyumbani: wapi inalipa, wapi inakuumiza

Unaishi Manchester, kwenu Mwanza. Tiketi ya kukufikisha mpaka Mwanza imekuja na bei ya kukatisha tamaa. Ya kuishia Dar es Salaam ina nafuu, na kipande cha Dar–Mwanza ukikikata pembeni kwa Air Tanzania au Precision Air, jumla inapungua vizuri tu. Wengi hapo ndipo wanapotoa kadi. Mimi ningetaka kwanza kujua jambo moja: ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili inalipiwa na nani?

Kwenye tiketi moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho wa safari. Ukiachwa na ndege ya kuunganisha kwa kuchelewa kwao, wanakupangia nyingine bure. Ukiondokea Uingereza na ukafika Dar umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, sheria inakupa fidia ya hadi pauni 520. Kwenye tiketi mbili, shirika la pili linakuhesabu kama abiria ambaye hakutokea, na nauli imekwenda na maji.

Shida ni kwamba tovuti za mawakala huunga ndege za mashirika mawili yasiyo na makubaliano yoyote, zikakuonyesha kama safari moja. Usihangaike na namba ya bukingi, angalia namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 157 Qatar Airways. Ukiona kipande kimoja kina 071 na kingine 706, hizo ni tiketi mbili, hata kama umelipa mara moja.

Sasa, kwenda na kurudi si sawa. Ukienda, ndege ndefu inatangulia; ikichelewa, unachopoteza ni nauli ya Mwanza, na ukikwama kabisa mabasi yapo. Ukirudi mambo yanageuka: ndege ndogo ndiyo inatangulia, na ikiahirishwa unapoteza ile ya kuvuka bara, wiki ya Januari ambayo kila mtu anarudi kazini. Kwa hiyo kwenda ningekubali pengo la saa tano au sita. Kurudi, lala Dar usiku mmoja. Kama gharama ya kulala inakula nafuu yote, kata tiketi moja uachane na hesabu hizi.

Mabegi nayo. Nyingi ya ndege za mbali kuja kwetu hukupa mabegi mawili ya kilo 23. Za ndani hutoa pungufu. Lile begi la pili, lenye viatu vya wajomba na sufuria za mama, utalilipia kwa kilo pale kaunta. Piga hesabu hiyo ukiwa bado nyumbani na mizani.

Tena begi la tiketi mbili kwa kawaida unalichukua mwenyewe katikati ya njia, maana yake unapita uhamiaji. Mwenye pasipoti ya Uingereza anayebadilishia Nairobi atahitaji eTA, kibali cha kuingia Kenya. Mtanzania au Mganda hahitaji. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayebadilishia Amsterdam hawezi kutoka kufuata begi bila viza ya Schengen, na ukaazi wa Uingereza haumsaidii kitu. Wa Lamu na Ukunda, someni jina la uwanja: ndege nyingi za huko huondokea Wilson, na kutoka JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, mpaka Wilson kuna foleni ya magari katikati.

Kuna wanaoanzia Amsterdam kukwepa kodi ya abiria ya Uingereza. Hesabu yao ina ukweli: kwa viwango vya Aprili 2025, daraja la kawaida kwenda Nairobi au Dar ilikuwa pauni 90, na kwenda Amsterdam 13. Lakini watoto chini ya miaka 16 wa daraja hilo hawatozwi, hivyo familia haiokoi kama inavyodhani.

Familia ina nafuu nyingine ambayo wengi hawaijui. Viti vya daraja la kawaida huuzwa kwa mafungu ya bei. Ukitafuta viti vinne na fungu la chini limebaki na viwili, mfumo unakupandisha wote wanne kwenye fungu la juu. Tafuta kiti kimoja, kisha viwili, ulinganishe na bei ya wanne. Unaweza kukata wawili wawili. Mtoto tu asibaki kwenye bukingi bila mzazi. Habari za eti tiketi ni nafuu ukinunua Jumanne usiku wa manane waachie wenye muda.

Na ukishakata tiketi, usiruke kipande cha kwanza ukidhani utadandia katikati. Shirika linafuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi.