Begi la masika
Nyie wa Jangwani, Kigogo na mabondeni kote huku Dar, masika ya Machi mpaka Mei hayapigi hodi, kwahiyo pangeni sasa hivi begi la mgongoni la kukimbia nalo mafuriko yakija, mlitundike juu karibu na mlango, sio uvunguni, huko ndo maji yanaanzia. Vyeti vya watoto na kadi ya NIDA (kitambulisho cha taifa) tia kwenye ule mfuko wa zipu unaokujaga na blanketi, tena piga picha zote mtumie ndugu wa mkoani. Tochi, pawabenki iliyojaa, vidonge vya kutibia maji, dawa za presha za bibi, pedi (hizi wanaume mnasahauga), na noti ndogondogo maana mtandao ukikata hela ya kwenye simu haikusaidii kitu. Ukitoka zima meini swichi, ila maji yakishafika kwenye soketi usiiguse kabisa.