Kigari cha porini: pima mshazari kwanza

Mkiunda kigari cha porini na mwanao, fremu ya mstatili msiichomelee moja kwa moja. Shikizeni kila kona kwa nukta ndogo tu ya kuchomelea, chuma kikipoa mtoto ashike ncha ya tepu: kona ya mbele kulia hadi nyuma kushoto, kisha mshazari wa pili. Vipimo hivyo viwili vikipishana hata milimita 5, gongeni kwa nyundo mpaka vilingane, ndipo mmalizie. Fremu iliyokaa upande itasumbua usukani daima.

Na tafadhali, kwa fremu hiyo, bomba la maji lililopakwa zinki liacheni kabisa. Likichomelewa, moshi wake huleta homa. Nunueni bomba jeusi, lisilopakwa zinki. Wakati wa kuchomelea mtoto akae mbali, asiutazame mwanga ule.