Jinsi ya kuanza na Scriabin na Kandinsky bila kukata tamaa

Wengi wanaingia kwenye muziki na michoro ya Warusi wa miaka ya 1910 kwa kupitia mlango mgumu kuliko yote, wanawasha Prometheus, kazi ya okestra ya mtunzi Scriabin, dakika mbili wanazima, wanaona mraba mweusi wa mchoraji Malevich wanasema hata mtoto anachora hii, basi imeisha. Usianzie huko. Mfuate mtu mmoja tangu alipokuwa anaeleweka kirahisi, manake hawa hawakuruka, walitembea, na hatua zao unazisikia kabisa.

Anza na preludi 24 za Scriabin, yaani vipande vifupi vya piano, opus 11 (kazi yake namba 11), alizimaliza 1896. Nyingi hazifiki hata dakika mbili na zina utamu wa Chopin. Kaa nazo wiki nzima, hata ukiwa unatembea sawa tu. Afu ndo uje Prometheus ya 1910, kama dakika 20 hivi, na hii kaa chini, vaa hedifoni, usishike kazi nyingine. Ila kabla hujaiwasha tafuta kinanda au programu ya piano kwenye simu, piga noti hizi, C, F shapu, B flati, E, A, D, kutoka chini kwenda juu, zote sita zishikilie pamoja. Umesikia? Preludi zilikuwa zinakurudisha nyumbani kila mara, hii haitaki kwenda popote, inaning'inia tu hewani, na karibu kazi nzima imejengwa juu yake. Ukishaijua kwa vidole, okestra ikianza unaitambua palepale na kile ulichoona ni kelele kinapata sura.

Halafu kwenye maandishi ya muziki wenyewe, juu kabisa, kuna mstari umeandikwa luce, mwanga kwa Kitaliano, ni wa kinanda kinachotoa rangi badala ya sauti, kwake C ni nyekundu, D njano, A kijani. Moscow 1911 walipiga bila taa, zikaja kuwashwa New York Machi 1915, mwezi uliofuata Scriabin akafariki. Video zenye taa zipo siku hizi lakini mi nashauri mara ya kwanza fumba macho.

Sasa Kandinsky, mchoraji. Tazama kwanza mandhari alizochora Murnau, mji mdogo wa Ujerumani, 1908 na 1909, nyumba bado ni nyumba ila rangi zimeshaanza kwenda zinakotaka. Kisha tafuta Impression III (Konzert). Januari 1911, Munich, alienda kusikiliza tamasha la mtunzi Schoenberg, huyu ni wa Austria sio Mrusi, na mchoro huo ukatoka kwenye tamasha hilo. Weka vipande vitatu vya piano vya Schoenberg, navyo ni opus 11 yake, vilipigwa usiku uleule, huku unatazama. Lile doa jeusi ni piano, wale walioinama ni watu, na ile njano iliyofurika kila mahali... mi naiona ndo sauti yenyewe.

Ukitoka hapo Composition VII, mchoro wa Kandinsky wa 1913, haikutishi. Ni mita 2 kwa 3, iko kwenye jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow, kwa hiyo fungua kwenye skrini kubwa kuliko zote ulizonazo. Usiulize ni picha ya nini, chagua rangi moja uifuate kwa macho kona hadi kona kama unavyofuata chombo kimoja ndani ya okestra, afu rudi na nyingine.

Malevich muweke mwisho, na usianze na mraba peke yake, tafuta picha ya maonyesho ya michoro yaliyoitwa 0,10, Petrograd (St. Petersburg ya leo), Desemba 1915. Utauona umetundikwa juu kwenye kona, pale ambapo nyumba za Warusi huweka ikoni, picha takatifu. Ndo uusogelee sasa: rangi nyeusi imepasuka, na ndani ya nyufa kuna rangi zingine zinachungulia, za mchoro uliofunikwa chini yake.