Namna ya kudai nafuu ya kodi ya watoto nchini Marekani

Mzazi anayejaza fomu za kodi ya Marekani kwa mapato ya mwaka 2025 anaweza kupunguziwa kodi hadi dola 2,200 kwa kila mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka 17 kufikia Desemba 31. Kabla ya kuandika jina lolote katika fomu namba 1040, hata hivyo, ni lazima afahamu kwamba neno "mtoto" katika sheria hiyo halina upana lilio nao majumbani mwetu, na hapo ndipo familia zetu hujikwaa bila nia mbaya.

Anza na udugu. Sheria inamkubali mtoto wa kumzaa, wa kambo au wa kuasili kisheria, mjukuu, mdogo wako, na mtoto wa ndugu yako mliyechangia baba au mama. Mtoto wa binamu haingii, ingawa kwetu binamu huyo ni kaka na mwanawe anakuita baba mdogo. Akiwa ameishi nawe mwaka mzima, na wewe ndiye uliyebeba zaidi ya nusu ya gharama zake, huenda akakupatia nafuu ndogo ya dola 500, mradi hakuna mlipakodi mwingine mwenye haki ya kumdai, yaani kumwandika katika fomu yake.

Kisha angalia mahali alipolala. Mtoto awe ameishi nyumba moja nawe kwa zaidi ya nusu ya mwaka, naye awe raia au mkazi wa Marekani kisheria. Kwa hiyo mwana aliyebaki katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma akisubiri safari hadaiwi, hata ikiwa unamtumia ada na chakula kila mwezi. Jambo hili linauma, lakini kumwandika ni kujitafutia adhabu. Aliyezaliwa Desemba, kinyume chake, anahesabiwa kana kwamba aliishi nawe mwaka mzima. Wazazi walioachana hawamdai wote wawili: haki ni ya yule ambaye mtoto alilala kwake usiku mwingi zaidi, isipokuwa akimwachia mwenzake kwa kutia saini fomu namba 8332.

Mtoto anahitaji namba ya hifadhi ya jamii inayomruhusu kufanya kazi, na kuanzia mwaka 2025 mzazi naye, au mmoja wa wanandoa wanaojaza pamoja, anahitaji namba kama hiyo. Kijana aliyefikisha miaka 17 anaweza kudaiwa kwa ile nafuu ya dola 500.

Hata asiyedaiwa kodi yoyote anaweza kupokea sehemu ya fedha hizi kwa kujaza jedwali namba 8812. Tuchukue mama anayelea peke yake watoto wawili wadogo, aliyelipwa mshahara wa dola 22,000 kiwandani. Toa dola 2,500 za kwanza, ambazo hazihesabiwi, zinabaki 19,500. Asilimia 15 yake ni dola 2,925, na hizo ndizo atakazopokea, kwa kuwa hazijavuka kikomo cha dola 1,700 kwa kila mtoto, yaani 3,400 kwa wawili. Nafuu ya wafanyakazi wenye kipato cha chini inadaiwa kando, na kwa mama huyu inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo.

Andaa mapema barua ya shule yenye jina la mtoto, jina lako, anwani na tarehe, kwa sababu IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikitaka uthibitisho karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea. Vituo vya VITA, mpango wa IRS wa kusaidia walipakodi kwa kujitolea, huwajazia fomu bila malipo watu wa kipato cha chini. Anayekujazia kwa fedha analazimika kutia saini na kuandika namba yake ya utambulisho. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke, kwa maana dai la uongo linaweza kukufungia nafuu hii kwa miaka 10. Na ikiwa mwaka uliopita ulimsahau mtoto aliyestahili, fomu namba 1040-X inakuruhusu kurekebisha, kwa kawaida ndani ya miaka 3 tangu ulipowasilisha ile ya kwanza.